Makombe Uliyoficha Chini ya Sweta

Mayi,

Nimesema. Nianze na hilo, maana nikianza na salamu nitazunguka hadi karatasi iishe. Lile jambo uliloniambia tulibebe sisi wawili, mama na binti, nimelitoa mchana kweupe, uani kwako Myanga, mbele ya Baba, Wafula, Shangazi Rosalia na watu wengine ambao hata majina yao sikuyajua. Nilikuwa nimelibeba miaka ishirini na mitatu. Ulipokufa nilidhani limezikwa nawe na hakuna atakayeniuliza tena. Kumbe wewe mwenyewe uliliacha nje, Mayi. Uliliacha sandukuni.

Ninakuandikia nikiwa hapa dukani kwangu Tuwan, Kitale. Cherehani nimeifunika. Neema, mtoto wa Wafula, amelala juu ya vitambaa vya sare, mdomo wazi, na kila baada ya mistari miwili namtazama kama anapumua. Usishtuke kusikia yuko kwangu. Nitafika hapo.

Siku ya tatu baada ya kukuzika tulikaa uani tukanyolewa, kama desturi yetu ilivyo. Kisha wanawake wakaingia chumbani kwako kutoa vitu vyako vigawanywe. Mimi nilikuwa jikoni nikipanga vikombe. Nikasikia Shangazi Rosalia akipiga nduru. Haikuwa nduru ya msiba. Ilikuwa ya mtu aliyekanyaga nyoka.

Alikuwa amefungua lile sanduku lako la bati. Juu kulikuwa na sweta zako, na chini ya sweta mkebe wa biskuti uliofungwa kwa utepe. Aliufungua akidhani ni vifungo na nyuzi. Ndani akakuta lile kombe kubwa la baharini lenye mdomo wa rangi ya waridi, kauri tano, kipande cha tumbawe jeupe, na chupa ndogo ya dawa ya kikohozi iliyojaa mchanga. Aliutoa nje kwa mikono miwili, akauweka chini, akarudi nyuma.

"Hii ni vitu ya majini," akasema. "Huyu mama ariretea sisi nini kwa hii boma?"

Mwanamke mmoja akasema kauri kama zile amewahi kuziona kwa mganga. Mwingine akasema majini hununuliwa Mombasa, na yakikosa kulishwa huanza kula watoto wa nyumba. Hapo ndipo Everline, mke wa Wafula, alipofungua mdomo. Hakusema kwa ubaya, Mayi, nataka ujue hivyo. Alisema tu alichokiona: kwamba Desemba iliyopita alimkuta Neema juu ya kitanda chako, ameshika lile kombe kubwa sikioni, anacheka. Na wiki iliyofuata mtoto akaanguka mara ya kwanza.

Unakumbuka wiki ile. Ni wewe uliyemshika kichwa Neema asijigonge kwenye kizingiti. Ni wewe uliyesema ni kifafa, apelekwe hospitali. Sasa watu wote uani wakageuka wakatazama mkebe, na mimi nikamtazama Wafula, nikaona jambo likiingia machoni mwake na kukaa.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja lingetosha. Lakini Baba alikuwa ameketi palepale, kichwa kimenyolewa, kidogo kuliko nilivyokijua, anautazama mkebe kama mtu aliyekuta mgeni amelala kitandani kwake. Nikasikia sauti yako: "Hata nikifa, Nekesa." Nikarudi jikoni. Nikaendelea kupanga vikombe.

Kama kuna la kukuomba radhi kwanza, ni hilo. Si kule kusema. Ni kule kunyamaza.

Shangazi aliutia mkebe kwenye mfuko wa plastiki akautundika kwenye mpera nje ya ua, ili usilale ndani ya nyumba. Wakaamua utachomwa siku mtu wa maombi atakapopatikana. Mimi nikarudi Kitale. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na sare za watu zilikuwa zimerundikana hadi mlangoni, nikajificha ndani ya kazi.

Wafula akanipigia simu. Unajua anavyoongea akiogopa, haraka haraka. "Nekesa, wewe ndio ulikuwa karibu na Mayi. Aliwahi kuenda Mombasa?"

Nikasema sijui.

Mimi, Mayi. Nilisema sijui, na chaki ya kukatia kitambaa ikavunjika mkononi.

Najua unaikumbuka safari ile kuliko mimi. Kila redio ilipotaja Mombasa ulinitupia jicho, mara moja tu, kisha ukaendelea kuchagua maharagwe. Lakini sina mwingine wa kumsimulia jinsi ninavyotaka kuisimulia, kwa hiyo nivumilie.

Ulikuwa umefundisha darasa la tano miaka kumi na tisa. Kila mwaka ulisimama mbele ya ramani ukaweka fimbo kwenye lile buluu la upande wa kulia, ukawaambia watoto maji yake ni ya chumvi. Siku moja mwanafunzi akauliza, "Mwalimu, umewahi kuyaonja?" Jioni ulirudi nyumbani. Wakati wa chakula ukamwambia Baba ungependa kuiona bahari, mara moja tu, likizo ya Agosti. Baba alicheka. Hata hakuwa na hasira. "Bahari? Kwani ng'ombe zetu ziko huko?" Akaomba aongezewe mboga.

Hukurudia. Agosti ilipofika ukasema kuna semina ya walimu Nakuru, wiki moja, na kwamba utanichukua nikubebee mkoba. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Wafula alikuwa na tisa. Alishikilia nguzo ya geti akilia kamasi zikimtoka, nawe ukamwambia utamletea mkate wa Nakuru.

Tulizungukia Kitale ili mtu wa Myanga asituone tukipanda basi la Nairobi. Tulipopita Nakuru ulinisukuma kwa kiwiko. "Angalia vizuri, utaulizwa." Nikatazama kwa bidii kama mtu anayesomea mtihani: mnara wa kanisa, duka la matairi, mwanamume aliyebeba godoro kichwani. Hadi leo nikifumba macho naliona lile godoro.

Likoni tulilala kwa Mwalimu Zuhura, uliyesoma naye chuo. Alitupa mahamri na mbaazi, akatucheka tulivyokuwa tunakula kwa haraka za bara. Asubuhi yake tukaenda. Ulivua viatu mbali kabla hata ya kufika mchangani, ukatembea moja kwa moja bila kusimama, bila hata kukunja sketi. Maji yalipokufika magotini ukainama, ukachovya kidole, ukakitia mdomoni.

"Ati ni kweli!" ukapiga kelele. "Nekesa, ni chumvi kabisa, bana!"

Sikuwahi kukusikia ukisema "bana" kabla ya hapo, wala baadaye.

Mimi niligoma kuingia. Maji yalikuwa yakivuta mchanga chini ya nyayo zangu nikadhani yananitaka. Alasiri, tukiwa bado pale, akaja mpiga picha wa ufukweni, mzee mwenye kofia ya ukili, na wewe ambaye ulikuwa unakimbia kila kamera ya harusi ukamwambia, "Nipige nikiwa hapa ndani." Nikasimama nyuma yake, nikamshika shati.

Lile kombe kubwa ulilinunua kwa mama aliyekuwa amekaa chini ya kibanda cha makuti. Kauri tano akaniongezea mimi, kwa sababu nilimwamkia shikamoo bila kuambiwa. Tumbawe ulilikanyaga siku ya tatu likakuchana unyayo, damu ikatoka, na bado ukainama ukaliokota. Nyumbani ulisema umekanyaga chupa, Nakuru. Na mchanga niliuchota mimi. Chupa ile ilikuwa ya dawa yangu ya kikohozi.

Tukirudi, basi liliposimama Nakuru ulishuka ukanunua mkate, ukaniwekea pajani, ukasema: "Hii safari ni yetu wawili. Baba yako akijua ataumia, na akiumia yeye, nyumba yote itaumia. Usimwambie mtu. Hata nikifa, Nekesa."

Nikaahidi. Mtoto wa miaka kumi na moja anajua nini kuhusu kufa?

Sasa nirudi kwa Neema.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Everline alinipigia kwa kunong'ona. Aliniambia Neema ameanguka mara tatu tangu alfajiri. Aliniambia Wafula alimwaga dawa ya hospitali kwenye migomba tangu wiki iliyotangulia, kwa sababu mtu wa maombi alimwambia dawa inalisha jini. Na aliniambia huyo mtu amefika, ametoka upande wa Suam, na moto umeshawashwa.

Sikufunga hata duka vizuri. Nilimwachia jirani ufunguo nikaondoka na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Nilipofika walikuwa wameketi kwa duara. Mtu wa maombi alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri sana. Neema alikuwa mkekani katikati, kichwa kinang'aa mafuta, mdomo wa chini umevimba mahali alipouuma. Hakunikimbilia. Aliniangalia tu, kama mtu anayenitazama kutoka mbali. Shangazi Rosalia alikuwa amebeba mkebe kwa ncha ya fimbo. Na kando ya kiti cha Wafula kulikuwa na karatasi iliyofunuliwa, na ndani yake misumari mirefu.

Nikauliza misumari ni ya nini. Wafula akatazama chini. Yule mtu akanijibu kwa upole, kama daktari. Akasema vitu vikishachomwa, kaburi litafungwa kwa misumari hiyo, kwa sababu mwenye majini amelala nayo humo. Na jina lako lisiitwe tena katika boma. Mtoto yeyote asipewe.

Mayi, sijui miguu yangu iliamua saa ngapi. Nilijikuta nimeuchukua mkebe kutoka kwenye fimbo, nimeukumbatia.

"Nekesa, weka hiyo kitu chini," Wafula akasema.

"Siweki."

"Nekesa, mtoto wangu anakufa."

"Anakufa kwa sababu ulimwaga dawa."

Akasimama. Nilidhani atanipiga. Nikakaa chini mkekani karibu na Neema, nikafungua mkebe, nikaanza kutoa kimoja kimoja. Nikasema hili lilinunuliwa Likoni, kwa mama wa kibanda cha makuti. Hizi kauri nilipewa mimi. Tulikuwa wawili, mimi na Mayi. Ilikuwa Agosti ile mliyoambiwa tumeenda Nakuru. Na huu mchanga niliuchota kwa mkono wangu huu. Kama kuna jini hapa, basi niliyemleta ni mimi, nichomeni mimi.

Sikumtazama Baba. Nilijua yuko wapi, kwenye kiti chake kando ya mlango, na nusu ya uso wangu iliyokuwa upande wake ilikuwa ya moto.

"Uongo," Shangazi akasema. "Unafichia mama yako."

Na yule mtu wa maombi, bila kupandisha sauti, akasema: "Jini likibanwa huongea kwa mdomo wa mtu wa karibu." Watu wakasogea nyuma. Walisogea nyuma kunikwepa mimi, Mayi. Watu walionipakata nikiwa mdogo.

Hapo niliona nimekwisha. Nimevunja ahadi na haijasaidia kitu. Nikaokota tumbawe, sijui hata nilitaka kulifanyia nini, na nilipolishika kwa vidole nikakumbuka mguu wako. Nikamgeukia Shangazi.

"Mayi aliporudi alikuwa na kidonda. Nani alikuwa anakiosha?"

Akageuzia macho kwenye moto.

"Ni wewe, Shangazi. Wiki mbili. Ulikuwa unatoa vipande kwa sindano ya kushonea, mimi nikikushikia taa ya mafuta ya taa. Ulisema nini?"

Shangazi alitazama tumbawe mkononi mwangu. Akalichukua. Akalisugua kwa kidole gumba, na unga mweupe ukamshika. Alikaa chini polepole, kama mtu anayetafuta kiti ambacho hakipo.

"Nirisema hii chupa ya Nakuru ni nyeupe kama mfupa," akasema. "Nirimuuliza. Akacheka tu."

Kisha Baba akaongea, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kwa hivyo Nakuru hakukuwa na semina."

"Hakukuwa, Baba."

Akachukua kofia yake akaivaa. Akasimama, akapita katikati ya watu bila kumgusa mtu, akaenda upande wa zizi. Nilitaka kumfuata. Sikuweza, kwa sababu Wafula alikuwa amenisimamia, analia, mtu mzima mwenye ndevu, analia kama siku ile ya geti.

"Mkate," akasema. "Mlinipea mkate. Nikawekea Mayi kipande, nikamwambia ni tamu. Kwa nini alikuchukua wewe? Kwa nini si mimi?"

Nilisema labda ni kwa sababu mimi ni mkubwa. Nilijua halitoshi.

Ndipo Neema akaanza. Macho yalipanda juu, mkono wa kushoto ukakakamaa, akalalia ubavu wangu akitetemeka mwili mzima. Yule mtu akainua mikono: "Ndiyo huyo! Anatoka! Msimguse!" Watu wakaanza kukemea kwa sauti. Everline alikuwa analia akiita jina la mtoto. Mimi nilimtazama Wafula. Mayi, sijawahi kumtazama mtu hivyo. Kila kitu kilikuwa mikononi mwake, na yeye alikuwa amesimama katikati, kichwa kinaenda huku, kinarudi kule.

Alipiga magoti. Akamgeuza Neema kwa ubavu, taratibu, kama wewe ulivyomfundisha. Akamwekea kiganja chini ya shavu. Akawa anahesabu kwa mdomo bila sauti, kama daktari alivyomwambia ahesabu. Na bila kuinua kichwa akasema, "Everline, leta shuka. Tunaenda."

Mtu wa maombi akamwambia akiondoka saa hiyo asimlaumu mtu. Wafula akajibu, "Sitalaumu mtu." Akamwinua mtoto.

Jirani alitupakia kwenye pikapu yake hadi Kitale. Kliniki walitugombeza, hasa Wafula, akakubali yote bila neno. Daktari, mwanamke mdogo kuliko mimi, alisikiliza habari ya kombe hadi mwisho bila kucheka. Kisha akasema ugonjwa huu haukutoka baharini, na dawa isikatizwe hata siku moja. Kwa kuwa kliniki iko karibu nami, tukakubaliana Neema akae kwangu kwanza. Everline huja kila Ijumaa na hulala hadi Jumapili. Hizi ni wiki saba. Siku moja tu mkono ulitetemeka, ukaacha. Ameanza kuongea tena bila kupumzika, na wateja wangu wanamwogopa kwa maswali.

Wafula ndiye aliyeitupa ile misumari. Hakuniambia, Everline ndiye aliyeniambia. Kaburi lako liko salama, Mayi. Nyasi zimeanza kushika.

Lakini Baba alikuwa haongei nami. Nilimpigia simu, ikaita hadi ikakatika. Nikimtumia salamu kwa Wafula, Wafula alisema tu, "Amesikia." Everline akaniambia anashinda chumbani kwako akipekua vitabu, kimoja baada ya kingine, anavikung'uta. Nikajua anachotafuta. Nililala vibaya wiki hizo. Niliona nimekuokoa kwenye neno moja baya nikakutupa kwenye lingine, baya zaidi. Mwanamke aliyedanganya mumewe akaenda Mombasa wiki nzima. Watu hawahitaji jini kumalizia hadithi hiyo.

Wiki ya tano akaja. Hajawahi kufika dukani kwangu tangu nilifungue. Aliingia akiwa na koti lake la kanisani ingawa haikuwa Jumapili, akakaa kwenye benchi ya wateja, akafungua ule mkoba wako wa shule, akatoa atlasi yako. Na ndani ya atlasi, ile picha.

Nilikuwa sijaiona tangu nikiwa mtoto. Wewe ndani ya maji, sketi imelowa, kichwa umekirudisha nyuma, meno yote nje. Na mbele yako, juu ya mchanga, kivuli kirefu cha mwanamume mwenye kofia.

Baba aliweka kidole juu ya kivuli. "Huyu ni nani?"

"Mpiga picha, Baba. Jua lilikuwa nyuma yake."

"Jina lake?"

"Simjui. Alikuwa mzee wa pale ufukweni. Alimpiga Mayi moja tu, akaileta kesho yake."

"Unaapia nini?"

Sikuapa. Nilivuta picha karibu na dirisha nikamwonyesha. Kando ya kivuli kirefu, kimegandana nacho kiunoni, kuna kivuli kifupi, na mkono wake umeshika shati la mwingine. "Huyo ni mimi," nikamwambia. "Niliogopa maji."

Wateja wawili walikuja wakaona sura yake wakaenda zao. Mwishowe akasema, si kwangu, kwa picha: "Kumbe alikuwa anaweza kucheka hivi."

Kisha akasema lile ambalo nimelikalia tangu siku hiyo, Mayi, na nakuletea wewe kwa sababu ni lako.

"Aliniuliza mara moja tu. Si angeniuliza tena?"

Ningeweza kumjibu mambo mengi, mengine makali. Nikamchemshia chai. Aliinywa yote. Neema akamletea vifungo avipange kwa rangi, akavipanga. Alipokuwa anaondoka nilimuuliza kama ameshanisamehe. Akasema, "Sijamariza kukasirika. Nikimariza nitakwambia." Akaitia picha mfuko wa ndani wa koti, akaenda.

Sijui atamaliza lini. Lakini jana alipiga simu mwenyewe, akauliza kama mtoto amekunywa dawa.

Mayi, nimewaambia yote isipokuwa jambo moja. Asubuhi ya mwisho. Mabegi yalikuwa yamefungwa. Mwalimu Zuhura alikuwa amekuambia usiku uliotangulia kwamba shule ya pale inatafuta mwalimu, akasema kama mzaha, ukacheka kama mzaha. Asubuhi ukanipeleka ufukweni peke yetu. Ulikaa mchangani na nguo zako za safari. Hukunitazama. Ukasema, "Nekesa, na tusiporudi?"

Nilidhani unanitania, hadi nilipoiona mikono yako. Ulikuwa umeishika mipini ya mkoba mpaka vidole vimebadilika rangi.

Nikakuuliza, "Na Wafula?"

Maji yalikuja yakagusa viatu vyetu, yakarudi. Yakaja tena. Kisha ukasimama, ukakung'uta sketi, ukasema, "Haya, twende. Basi litatuacha."

Hilo sikulisema uani, wala kwa Baba dukani. Baba akiwa hai halitatoka kwangu. Hiyo ndiyo ahadi yangu mpya badala ya ile niliyoivunja, na hii siyo ya mtoto wa miaka kumi na moja.

Lakini Wafula bado ananiuliza. Kila Jumapili anakuja kumwona mtoto, anazungukazunguka duka, anashika mkasi, anauweka, mwishowe anauliza tena kwa nini ulinichukua mimi ukamwacha yeye. Kwa hiyo niruhusu hili, Mayi. Siku moja, Baba akishakuja huko uliko, nitamketisha Wafula, huyu mwanao wa getini, nimwambie kipande chake. Sitamwambia uliuliza nini. Nitamwambia tu kwamba kulikuwa na asubuhi ambayo hukuwa na haraka ya kwenda popote, nikataja jina lake, nawe ukasimama.

Pumzika, Mayi wangu. Neema anaamka.

Mimi mwanao,
Nekesa